Kitoe Ulichokiongeza

Ndugu zangu wenye kompyuta za mezani, ninyi wa steshenari mnaochapa barua za watu mpaka usiku, ninyi walimu mnaotunza alama za wanafunzi, ninyi wahasibu wa vikundi vya kuweka na kukopa, na ninyi vijana mnaohariri video za harusi: mashine yenu ilikuwa inafanya kazi. Ilikuwa nzito, ilikuwa inachosha, lakini kazi ilikuwa inakwenda. Mkaiongezea RAM, au SSD, au kadi ya grafiki, au prosesa yenye nguvu zaidi. Ikawaka, mkafurahi. Na tangu siku ile inaganda. Mshale umesimama katikati ya skrini, herufi hazitoki, saa iliyo pembeni imekwama, nanyi mnashikilia kitufe cha kuzimia mpaka taa izimike, mara ya tatu tangu asubuhi.

Nawauliza swali moja, na nawasihi mlijibu kabla hamjampigia mtu yeyote simu: ni nini kilichobadilika?

Swali hili halihitaji digrii. Mlinunua, risiti mnayo. Basi kitoeni mlichokiongeza. Kitoeni leo. Rudisheni mashine kama ilivyokuwa, kipande cha zamani mahali pake pa zamani, kisha ifanyisheni kazi ileile iliyokuwa ikiigandisha, kwa muda uleule au zaidi. Ikitulia, mmeupata upande ambao kosa limejificha. Isipotulia, hilo nalo ni jibu, tena jibu zito: huenda kipande kipya hakina hatia kabisa, na mkono uliofungua kava ndio uliolegeza waya wa diski, au ulioacha RAM ya zamani ikiwa haijaingia mpaka ndoano zake zilie, au ulioangusha skrubu nyuma ya ubao mama. Wengi hununua RAM ya pili na ya tatu kwa sababu ya waya ambao ungerudishwa kwa kidole kimoja.

Wapo watakaoniambia: fundi amesema tupige Windows upya. Hapo ndipo moyo wangu unapochemka. Windows ilikuwa nzima jana. Haikuugua kwa sababu umepachika kipande cha RAM. Kuipiga upya kabla ya kuchunguza ni kufuta ushahidi, na pamoja na ushahidi kufuta mali ya mtu: hesabu za miaka, picha za mzazi aliyefariki, na ile programu ya uhasibu ambayo hakuna tena anayejua ilitoka wapi. Jioni mashine inaganda tena, kwa sababu kilichoigandisha bado kimo ndani. Siku ya kupiga Windows upya ipo, lakini haiwezi kuwa siku ya kwanza. Kama ulibadilisha kadi ya grafiki ya kampuni moja ukaweka ya nyingine, ondoa kwanza dreva za ile ya zamani, kwa programu kama Display Driver Uninstaller, ukiwa umeiwasha Windows katika Safe Mode. Kazi hiyo haigusi faili lako hata moja.

Na kabla ya bisibisi, kabla ya yote, nakili kazi zako kwenye diski nyingine. Usiseme kesho. Kila unapoizima mashine kwa nguvu, huenda kuna faili lililokuwa katikati ya kuandikwa, nalo likakatwa. Tena kuna jambo baya kuliko kuganda. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto, pamoja na Eduardo Pinheiro na Wolf-Dietrich Weber wa Google, walitoa uchunguzi wao kuhusu RAM za seva za Google, wakaonyesha kwamba kwa mwaka mmoja zaidi ya asilimia 8 ya vipande vilikuwa vimepata hitilafu. Seva zile zina memori inayojikagua na kujisahihisha. Kompyuta yako ya mezani, kwa kawaida, haina. Kosa likiangukia kwenye programu, mashine inaganda nawe unajua. Likiangukia kwenye jedwali la mikopo ya wanachama, tarakimu inabadilika kimyakimya na kuhifadhiwa hivyohivyo, na mama wa watu anadaiwa fedha ambazo hakukopa. Ndiyo maana nasema: mashine inayoganda isifanyiwe kazi ya watu mpaka ipone. Usiivumilie. Usijifunze kuishi nayo.

Sasa sikiliza namna ya kuihoji. Ikiganda, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, ndani bado kuna uhai, na kilichokwama huenda ni programu moja, au picha, au diski inayosubiriwa ijibu. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows, Ctrl, Shift na B. Hapo Windows huianzisha upya dreva ya grafiki, na skrini ikirudi umepata dalili kubwa. Lakini taa isipojibu, na spika ikabaki inarudia mlio uleule, mashine yote imesimama, nawe shuku RAM, umeme, prosesa au ubao mama wenyewe.

Kisha andika. Chukua daftari, andika tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, feni zilikuwa zinavuma kiasi gani. Baada ya siku chache daftari lile litasema mengi kuliko mafundi watatu. Mashine inayoganda ikiwa kwenye gemu au ikitengeneza video tu, itazame kwa umeme na joto. Inayoganda ukiwa umeiacha imekaa bure, itazame katika mipangilio ya kuokoa umeme. Prosesa za kwanza za Ryzen zilijulikana kwa kusimama hivyo chini ya Linux, na katika BIOS za bodi zake kuna kipengele cha kurekebisha mkondo wa umeme mashine ikiwa imetulia. Inayoganda unapofungua au kuhifadhi faili, tazama diski na waya wake. Isiyochagua saa wala kazi, anza na RAM.

Windows nayo huweka kumbukumbu zake, katika Event Viewer, na kwa lugha nyepesi zaidi katika Reliability Monitor. Zisome, ila zisome kwa akili. Utakuta Kernel-Power namba 41, na atatokea mtu wa kukuambia kwamba pawa saplai imekufa. Huo si ukweli. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa ipasavyo, na wewe mwenyewe ndiwe uliyeshikilia kitufe! Tafuta yaliyoandikwa dakika chache kabla. Jina WHEA-Logger linamaanisha vifaa vyenyewe vimelalamika kwamba kuna hitilafu. Namba 129 kwa kawaida inamaanisha diski iliulizwa ikakaa kimya mpaka ikaanzishwa upya.

Nikae kidogo kwenye RAM, maana ndiyo watu wetu huongeza kwanza, na ndiyo inayouzwa kwa maneno matamu. Miongoni mwa kompyuta zilizotumika ofisini Ulaya na Marekani, zikaletwa kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue, zipo za enzi ya DDR3. DDR3 ya kawaida inatumia volti 1.5, na DDR3L iliundwa kwa volti 1.35, na zipo bodi zinazoikubali moja na kuikataa nyingine. Halafu kuna vipande vya DDR3 vya bei ya kutupa ambavyo mpangilio wa chipu zake unafaa bodi za AMD tu. Kipachike kwenye bodi ya Intel: ama haitawaka, ama itakusumbua mpaka uchukie kompyuta. Muulize muuzaji waziwazi, na akisita, rudisha pesa yako mfukoni.

Ukichanganya vipande vya kampuni mbili, bodi hujaribu kuvipatanisha kwa kuvishusha vyote kwenye mwendo wa kile cha polepole. Mara nyingi hufaulu. Isipofaulu, dalili yake ni hiyohiyo ya kuganda bila mpangilio. Kwenye DDR4 kuna mtego mwingine. Pakiti imeandikwa 3600, lakini viwango rasmi vya DDR4 vinaishia 3200; chochote cha juu ya hapo kinapatikana kwa kuwasha XMP katika BIOS, na hapo unaisukuma memori pamoja na prosesa inayoiendesha kupita kiwango cha kawaida. Ikiganda, zima XMP, uache itembee kwa mwendo wake wa asili. Ikitulia, umepata jibu bila kutumia shilingi. Najua inauma kulipia 3600 ukapata 2666. Inauma zaidi kupoteza kazi ya wiki nzima.

Kisha jaribu kwa haki. Weka Memtest86+ kwenye fleshi, ni ya bure, iwashe mashine kutoka kwenye fleshi hiyo na uiache usiku kucha. Kosa moja ni jingi mno. Usiseme limetokea moja tu. Memori nzima haikosei hata mara moja usiku mzima. Lakini usikihukumu kipande kabla ya kukitenga: kijaribu kila kipande peke yake kwenye sloti ileile, halafu chukua kipande kilichofaulu ukijaribu kwenye kila sloti, maana kuna siku sloti ndiyo mbovu na RAM inasingiziwa. Na vipande viwili vina sloti zake, mara nyingi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha bodi kitakuambia. Sloti ikiwa na vumbi, lipulize. Meno ya RAM yakiwa na uchafu, yasafishe kwa pombe ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Raba ya mwanafunzi huacha chembe na huchuna dhahabu, nami nawaomba mafundi wenzangu waiache.

Nageukia umeme, na hapa naongea kwa sauti kubwa, kwa sababu hapa watu wanaweza kuunguza nyumba. Mashine nyembamba ya ofisini huja na pawa saplai ya wati 240 au karibu na hapo. Ilipimwa kwa prosesa, diski na feni zake, haikupimwa kwa kadi ya grafiki. Sloti ya kadi hutoa mpaka wati 75, na zipo kadi ndogo zinazotosheka na hizo. Kadi inayodai waya wa pini 6 inaomba mpaka wati 75 nyingine, na ya pini 8 mpaka 150. Kijana anaona mashine haina waya huo, ananunua kiunganishi cha kuugeuza waya wa SATA kuwa wa pini 6. Usifanye hivyo! Waya wa SATA haukuundwa kubeba mzigo huo. Viunganishi hivyo huyeyuka, na vingine vimeshika moto. Kama pawa saplai haitoshi, nunua inayotosha, ukihakikisha plagi zake zinaingia kwenye bodi yako, maana kampuni kubwa za kompyuta za ofisini hupenda kutumia plagi za peke yao. Kama huna bei ya kadi na pawa saplai kwa pamoja, bado huna bei ya kadi.

Pawa saplai nayo huzeeka. Ndani yake kuna kapasita, na kapasita hukauka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilivimba na kupasuka kwenye bodi za kampuni nyingi duniani, mpaka Dell mwaka 2005 ikatenga dola milioni 300 kwa ajili ya mashine zilizoathirika. Kwa hiyo tazama kwa jicho: kapasita kwenye ubao mama iliyotuna kichwani au iliyotoa utomvu ni shahidi. Pawa saplai yenyewe usiifungue kama hukufundishwa, inaweza kuhifadhi umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa. Pima kutoka nje. Waya wa njano unapaswa kuonyesha kati ya volti 11.4 na 12.6 mashine ikiwa kazini, na ukisoma chini ya hapo inapoganda, umemshika. Hata mita ikisoma vizuri, usiifutie kesi, kwa maana mita ya kawaida haioni anguko la kufumba na kufumbua. Azima pawa saplai nyingine nzima ujaribu nayo. Na ukutani kwako je? Umeme wetu ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya kwa maandishi, lakini saa za jioni, kila nyumba ikiwa imewasha, unaweza kushuka mpaka taa zififie. Daftari lako likionyesha kwamba mashine huganda jioni tu, chomoa ile ekstensheni yenye pasi na friji, uiweke kompyuta kwenye UPS nzuri, ndipo uendelee kushuku vingine.

Kuhusu joto nitasema machache. Kama ulibadilisha prosesa, kagua kwamba ile plastiki ya kinga chini ya hitisinki ilibanduliwa, kwamba pesti mpya iliwekwa, kwamba miguu minne imeshika yote, kwamba feni inazunguka. Fungua HWiNFO utazame nyuzi. Ukiona karibu 100, anza na joto.

Kwenye diski, nataka mlijue jambo lililowapata wenye SSD ya Crucial m4. Diski hizo zilifanya kazi vizuri, na zilipofikisha saa 5,184 za kuwashwa zikaanza kunyamaza, mashine ikaganda. Ukiiwasha tena inakwenda kama saa moja, inaganda. Saa hizo ni siku 216. Kosa lilikuwa katika programu iliyo ndani ya diski yenyewe, na Januari 2012 kampuni ikatoa programu mpya iliyolimaliza. Fikirini ni watu wangapi wangeweza kupiga Windows upya mara kumi bila kupona! Hakuna fundi ambaye angeligundua kwa kubahatisha. Liligundulika kwa sababu watu walihesabu saa, wakalinganisha, wakasema ukweli walioupata. Kwa hiyo ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza SSD yako, tazama kama kuna programu mpya ya ndani, na ubadilishe waya wa SATA, ambao bei yake ni ndogo na lawama zake ni nyingi.

BIOS nayo vivyo hivyo. Tangu huduma ya kawaida ya Windows 10 ifike mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, watu wananunua bodi na prosesa mpya ili waingie Windows 11 inayodai kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Jueni kwamba mwaka 2022 AMD yenyewe ilikiri kuwa TPM iliyo ndani ya prosesa zake ilikuwa ikisababisha mashine kukwama kwa muda mfupi, na dawa ikawa BIOS mpya. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi mpaka zikaharibika. Ikatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza miaka 2 ya dhamana. Marekebisho yale huzuia madhara, hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Ukiinunua iliyotumika, muulize muuzaji BIOS ilisasishwa lini. Na unaposasisha BIOS, fanya hivyo ukiwa kwenye UPS, kwa kuwa umeme ukikatika katikati, bodi inaweza isiwake tena.

Enyi mafundi, neno hili ni lenu hasa. Badilisheni kitu kimoja, kisha mjaribu. Kimoja! Mgonjwa aliyepewa dawa tano kwa mkupuo akipona, hakuna ajuaye ni ipi iliyomponya. Akizidiwa, hakuna ajuaye ni ipi iliyomdhuru. Mkibadilisha RAM, mkasasisha BIOS na kupiga Windows kwa alasiri moja, mashine ikitulia hamjajifunza kitu, na mteja amelipia vitatu mahali ambapo kimoja kingetosha. Chomoeni waya wa umeme na mguse chuma cha kava kabla ya kushika bodi. Mpeni mteja kipande chake cha zamani mkononi, hata kikiwa kibovu, ni mali yake. Msimwambie ubao mama umekufa kama hamjauwasha mtupu, ukiwa na prosesa, kipande kimoja cha RAM na grafiki ya ndani peke yake. Mjane aliyeuza kuku zake aanzishe duka la kuchapa hana fedha za kulipia kubahatisha kwenu.

Na wewe mnunuzi, ikithibitika kwamba kipande kipya ndicho kibovu, usikitupe kwenye droo ukanyamaza. Piga picha skrini ya Memtest86+ ikiwa na mistari ya makosa. Chukua risiti, rudi dukani dhamana haijaisha, useme kwa upole lakini bila kuyumba: nilikijaribu peke yake, nikakihamishia sloti nyingine, nikakipeleka kwenye mashine ya jirani, kimekosea kote. Muuzaji aliyezoea kuambiwa tu kwamba kompyuta inasumbua hana la kujibu mbele ya mtu aliyepima. Dai kingine. Ukipewa, kijaribu usiku huohuo, kabla hujarudisha kava.